Msaada wakuu: kijana wangu wa namba nane amelipuka msimu huu, nimpandishe?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mississauga, Kanada, mwaka wa sita sasa, na nafundisha timu ya besiboli ya watoto wa miaka 13 mtaani kwetu. Naombeni ushauri, jambo hili linaninyima usingizi.

Kuna kijana anacheza uwanja wa nje, upande wa kulia. Kule ndiko wengi wetu tunawaweka watoto tusiowaamini, nasema ukweli. Mwaka jana alipiga wa nane katika orodha ya wapigaji tisa wanaopokezana zamu, na mara nyingi alirudi benchi bila gongo kugusa mpira. Msimu huu ni mtu mwingine. Jumamosi iliyopita mpira wake ulivuka uzio ukadunda kwenye maegesho ya magari, na yeye akabaki amesimama anauangalia mpaka wenzake wakampigia kelele akimbie.

Nafikiria kumpandisha apige wa tatu, lakini anayepiga wa tatu sasa ni mwanangu wa kumzaa, na mwezi mzima gongo lake limepoa. Zimebaki mechi tisa. Nifanyeje?

Kipanga
Kaka, kabla ya kuuliza apige wa ngapi, uliza kwa nini amelipuka. Hapo jirani yako Toronto, mchezaji José Bautista alikuwa mtu wa kuhamahama, mwaka 2004 peke yake alichezea timu nne za ligi kuu. Hadi 2009, homurani (mipira ya kuvuka uzio kama ule wa kijana wako) nyingi zaidi alizopiga kwa msimu zilikuwa 16. Mwishoni mwa 2009 makocha wa Blue Jays, timu ya Toronto, wakamfundisha kuanza kuzungusha gongo mapema zaidi. 2010 akapiga 54, na 2011 akapiga 43. Kuna kitu kilibadilika, na ukimtazama unakiona. Kwa kijana wako umekiona?

Mama Twaha
Mimi nawaletea Brady Anderson wa Baltimore Orioles. 1996 alipiga homurani 50, mwaka uliofuata 18, na hakufikisha hata 25 tena maisha yake yote. Lakini zile 50 hakuna aliyezifuta, timu ilizifaidi. Ukisubiri uhakika, mechi tisa zitakwisha. Mpandishe. Ila ndugu yangu, mwanao asije akayaona mabadiliko kwenye karatasi ya orodha ya wapigaji uwanjani mbele ya wenzake. Mwambie nyumbani.

Fundi wa Hesabu
Mkuu, tupige hesabu. Wapigaji ni tisa, na mechi inaweza kuishia kwa yeyote kati yao. Kwa hiyo kila nafasi unayompandisha mtu inampa wastani wa zamu moja ya ziada ya kupiga katika mechi tisa. Kwa timu ya ligi kuu yenye mechi 162 hizo ni zamu 18. Kwako, kutoka wa nane hadi wa tatu ni zamu tano tu. Faida kubwa iko kwa waliomtangulia: akipiga, beisi (vituo vya kukimbilia) zina wenzake wanaosubiri kukimbia wafunge? Waweke mbele yake wawili wenye subira, wale wasiofukuzia mipira mibovu. Bautista mwenyewe alifungua msimu wa 2010 akipiga wa kwanza, baadaye akahamishiwa wa tatu.

Mleta uzi
Nawashukuru sana. Kipanga, nimekaa saa nzima na video ambazo mama yake kijana hurekodi kwa simu. Mwaka jana miguu ilikaribiana na kichwa kilienda mbele pamoja na gongo. Mwaka huu miguu imeachana na kichwa kimetulia kabisa hadi mpira unafika. Nilipompigia simu akaniambia kaka yake alimchorea mistari miwili ya chaki gereji, wakafanya mazoezi hapo majira yote ya baridi. Mimi kocha wake sikujua.

Atapiga wa tatu, na mwanangu wa sita. Fundi, wale wenye subira ninao wawili, watakuwa wa kwanza na wa pili. Mama Twaha, mwanangu ndiyo anamaliza kula sasa hivi. Ngoja nikakae naye.