Kuhamia Linux Mint kwenye laptopu ya RAM GB 4: nianzie wapi?

kitunda_2
Wakuu, habari za jioni. Laptopu ni HP, Core i3 ya kizazi cha nne, RAM GB 4, diski kuu ya kawaida (HDD) ya GB 500, Windows 10. Masasisho ya bure ya Windows 10 yalisitishwa tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa hii haimo kwenye orodha ya Windows 11. Kazi zangu ni barua, majedwali ya hesabu na mikutano ya video. Nataka Linux (mfumo endeshi wa bure) lakini Windows ibaki kwanza. Wi-Fi ni Broadcom BCM43142, ambayo kwenye Linux huhitaji draiva (programu ya kuiendesha) ya kuongeza. Intaneti ni ya bando tu, kwa hiyo kurudia kupakua ni hasara kubwa. Nichukue ipi, na hatua ni zipi?

terminali
Mkuu, chukua Linux Mint 22 toleo la Xfce. Toleo jingine, Cinnamon, ni zuri kwa macho, ila kwa GB 4 Xfce, yenye mwonekano mwepesi, inakuachia nafasi zaidi ya kivinjari. Mfululizo wa 22 umejengwa juu ya Ubuntu 24.04 (Linux nyingine) na utapata masasisho hadi 2029.

Faili la ISO (nakala nzima ya Mint ya kusakinishia) ni takriban GB 3. Kwa kuwa ni bando, usilipakue kwa kivinjari. Fungua Command Prompt (dirisha la amri la Windows), andika `curl -L -C - -O` kisha ubandike kiungo cha faili. Mtandao ukikatika, rudia amri ileile kwenye folda ileile, itaendelea pale ilipoishia. Torrent nayo inafaa.

Likishuka lote, usilikimbilie. Andika `certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256` na ulinganishe jibu na lile lililo kwenye sha256sum.txt ya tovuti ya Mint. Herufi moja ikitofautiana, faili ni bovu, na ubovu huo utajitokeza usakinishaji ukiwa katikati, wakati diski imeshaguswa.

Flashi ya GB 8 inatosha, na vyote vilivyomo vitafutwa. Tumia programu ya Rufus au balenaEtcher kuandika ISO humo. Kunakili ISO kwenye flashi kama unavyonakili picha hakufai, mashine haitawaka kutoka humo. Kwenye HP bonyeza Esc mara tu unapowasha, kisha F9, uchague flashi. Mint itafunguka bila kugusa diski. Hapo jaribu sauti, kamera, mwanga wa skrini na padi ya kugusa kabla ya kuamua lolote.

ZK_Tanga
Naongezea upande wa Windows kubaki, maana data za watu hupotelea hapo. Kwanza nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Hilo halina mjadala.

Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `powercfg /h off`. Windows 10 ikizimwa kwa kawaida huwa haijazimika kabisa, inahifadhi hali yake ili iwake haraka. Patisheni (sehemu ya diski) ya Windows inabaki imeshikwa, Linux inaifungua kwa kusoma tu, na kisakinishi kinaweza kukataa kuipunguza. Kisha `manage-bde -status`. Ukikuta BitLocker (ufungaji wa diski kwa siri) imewashwa, hifadhi ufunguo wa kurejesha nje ya mashine, au uizime usubiri imalize kufungua diski.

Sasa `msinfo32`, soma mstari wa BIOS Mode (njia ambayo mashine huwasha mfumo: UEFI ni mpya, Legacy ni ya zamani). Ikiwa ni UEFI, kwenye menyu ya F9 chagua flashi upande wa UEFI. Ikiwa ni Legacy, chagua upande wa Legacy. Windows ikiwa njia moja na Mint nyingine, menyu ya kuwashia haitaonyesha Windows, na mtu ataamini imefutika kumbe ipo.

Punguza C: kwa kutumia `diskmgmt.msc`, uache GB 100 tupu. Kwenye kisakinishi chagua "Install alongside" (sakinisha kando ya Windows). Usiguse "Erase disk": inafuta diski nzima pamoja na Windows.

Jambo dogo linalosumbua wengi Afrika Mashariki: baadaye saa ya Windows itakuwa nyuma kwa saa 3, kwa sababu Linux huandika UTC (saa ya kimataifa) kwenye saa ya mashine na Windows huisoma kama saa ya hapa. Ukiwa Mint andika `timedatectl set-local-rtc 1`.

kitunda_2
Asanteni sana. Je, bila Wi-Fi nitasakinishaje draiva ya Wi-Fi?

nyaya_na_kebo
Kwa simu, mkuu. Ichomeke kwa kebo ya USB, washa kushiriki intaneti kupitia USB. Mint itaiona kama mtandao wa waya. Fungua Driver Manager, chagua `bcmwl-kernel-source`, kisha uwashe upya. Ikiwa Secure Boot (ulinzi wa kuwasha mashine) imewashwa utaombwa kuweka nywila, na mashine ikiwaka upya itakuja skrini ya bluu. Chagua "Enroll MOK" (kusajili ufunguo wa draiva) na uandike nywila hiyo. Ukiipita skrini hiyo, draiva itakuwepo lakini haitapakiwa, na Wi-Fi itabaki kimya. Ikikupita, andika `sudo update-secureboot-policy --enroll-key` urudie.

Zima usasishaji wa kiotomatiki kwenye Update Manager wakati uko kwenye bando la simu. Masasisho ya mara ya kwanza ni mengi. Yafanye palipo na intaneti ya uhakika.

terminali
Kuhusu kasi: kinachoikwamisha mashine hii zaidi ni hiyo HDD. SSD (diski ya kasi) ya SATA ya inchi 2.5, GB 240, itaibadilisha kuliko toleo lolote la Linux. Ukiongeza RAM, kizazi hiki hutumia DDR3L ya volti 1.35, nyingi hazikubali DDR3 ya volti 1.5, kwa hiyo soma kibandiko kabla ya kulipa. Ukipima kwa `free -h`, angalia safu ya "available". "Free" huwa ndogo daima kwa sababu Linux hutumia nafasi tupu kuhifadhi mafaili ya karibuni.

Kwa barua, LibreOffice imo tayari. Andika `sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea` ili nyaraka za fonti za Calibri na Cambria zisivurugike mistari. Majedwali yenye makro (amri za kiotomatiki) za Excel yajaribu moja moja, mengine hayatafanya kazi. Hayo ndiyo ya kubakizia Windows.