Mary Leakey na michoro ya Kondoa: kwa nini tunamfundisha kwa Olduvai peke yake?

Mwalimu wa Historia (Dodoma mjini) ameuliza:

Habari zenu ndugu zangu. Ninafundisha historia katika shule ya wasichana hapa Dodoma, na kila tunapofika kwenye chimbuko la binadamu na zama za mawe, jina la Mary Leakey hupita kwa sentensi moja tu: kwamba mwaka 1959 alilipata fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, katika bonde la Olduvai. Katika baadhi ya vitabu hata jina lake mwenyewe halitajwi, anaandikwa kama mke wa Dkt. Leakey, basi. Wanafunzi wangu waliniuliza mama huyu alisomea wapi na alianzaje kazi hiyo, nami nimekuwa nikisoma ili niwajibu kwa ukamilifu.

Kilichonivuta zaidi ni kwamba mwaka 1951 alifanya kazi Kondoa, katika mkoa wetu huu, akinakili michoro ya miambani, na jambo hilo silioni kabisa katika vitabu vyetu vya kiada. Naomba wenye ujuzi mnisaidie kwa mambo mawili. Kwanza, kazi ile ya Kondoa ilikuwa na uzito gani katika maisha yake, au ilikuwa mapumziko tu kati ya msimu mmoja wa uchimbaji na mwingine? Pili, je, ni sahihi kumwita mwanahistoria wa sanaa, au aitwe mwanaakiolojia tu?

Mchimbaji Mstaafu amejibu:

Mwalimu, nitaanza na swali la wanafunzi wako, kwa sababu ndani yake ndimo lilimo jibu la maswali yako yote mawili. Mary Nicol alizaliwa London tarehe 6 Februari 1913. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji wa mandhari, na familia ilikuwa ikihamahama naye kati ya Uingereza na nchi za Ulaya bara, hasa Ufaransa. Huko kusini-magharibi mwa Ufaransa, katika eneo la Dordogne, binti huyu aliingia mapango yenye michoro ya watu wa kale na kuokota zana za mawe katika vifusi vya wachimbaji, akiwa bado mdogo. Baba yake alifariki mwaka 1926. Baada ya hapo mama alimpeleka katika shule za watawa, zikamfukuza, na hakuwahi kufaulu mtihani wowote wa shule. Kwa hiyo wanafunzi wako wakiuliza alisomea wapi, jibu la kweli ni kwamba alihudhuria mihadhara ya akiolojia London bila kupata shahada, na mengi alijifunza uwandani.

Mlango uliomfungukia ulikuwa wa kuchora. Kuanzia mwaka 1930 alifanya kazi Hembury, kusini-magharibi mwa Uingereza, katika uchimbaji ulioongozwa na Dorothy Liddell, na huko akawa anachora vitu vilivyopatikana. Michoro hiyo ilimfikia Gertrude Caton-Thompson, mwanaakiolojia aliyekuwa amechimba Fayum nchini Misri, ambaye alimwomba amchoree zana za mawe za kitabu chake. Tazama jambo hili, Mwalimu: wanawake wawili wa kizazi kilichomtangulia ndio waliompa kazi alipokuwa hana cheti. Caton-Thompson ndiye pia aliyemkutanisha na Louis Leakey, yule Dkt. Leakey wa vitabuni, mwaka 1933, na Louis naye alikuwa akitafuta mchoraji wa kitabu chake. Wakapendana, na Louis wakati huo alikuwa na mke, jambo lililozua maneno mengi huko Cambridge. Wao wenyewe walioana mwishoni mwa mwaka 1936.

Watu wasiowahi kufanya kazi hii hudhani kwamba mchoraji wa zana za mawe ni mpambaji wa kitabu. Sivyo hata kidogo. Picha ya kamera huonyesha kivuli na rangi ya jiwe, lakini haionyeshi vizuri ni kibanzi kipi kilibanduliwa kwanza, pigo lilitoka upande gani, na ukingo upi ulinolewa upya. Ili uyachore hayo ni lazima uwe umeyaelewa, maana kila mstari unaouweka ni kauli kuhusu namna jiwe lile lilivyotengenezwa. Juzuu yake kuhusu tabaka za chini za Olduvai, iliyotoka mwaka 1971, inasimama juu ya jicho hilo: maelfu ya zana zimepangwa kwa aina, na ramani za sakafu za makazi ya kale zinaonyesha kila jiwe na kila mfupa palipolala. Mimi naiona ni kazi kubwa kuliko lile fuvu, ingawa fuvu ndilo lililopigwa picha magazetini.

Na kuhusu fuvu lenyewe, waeleze wasichana wako hivi: tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa mgonjwa kambini, Mary akatoka na mbwa wake, akauona mfupa umejitokeza ardhini. Vipande vilivyopatikana vilikuwa mamia, na ni yeye aliyeviunganisha kwa uvumilivu. Makala ya kulitangaza jina la Zinjanthropus boisei ilitoka mwaka huohuo katika jarida la Nature, ikiwa na jina la Louis peke yake.

Mrangi wa Kolo amejibu:

Shikamoo Mzee Mchimbaji, na Mwalimu nakusalimu. Naomba niongezee upande wa huku kwetu.

Kazi ya Kondoa haikuwa mapumziko. Mary na Louis walipita huku mara ya kwanza mwaka 1935, walipokuwa wakirudi kutoka Olduvai, wakaona michoro ya Kisese na maeneo ya jirani, na tangu hapo alitamani kurudi. Ilimlazimu kungoja miaka kumi na sita. Mwaka 1951 ndipo fedha zilipopatikana, akakaa kwa miezi mitatu hivi. Yeye na wenzake waliorodhesha maeneo 186 yenye michoro, na katika maeneo ambayo michoro ilikuwa bado inaonekana vizuri walinakili takriban picha 1,600. Njia yenyewe ilikuwa ya taratibu mno: karatasi angavu ilishikiliwa juu ya mwamba, mistari ikafuatwa kwa mkono, kisha kambini nakala ikachorwa upya kwenye karatasi ya kawaida na kutiwa rangi kwa kulinganisha na rangi za mwambani. Kitabu chenye nakala hizo hakikutoka hadi mwaka 1983, zaidi ya miaka thelathini baadaye, kwa sababu uchapaji wa rangi ulikuwa ghali. Yeye mwenyewe aliandika kwamba mawe na mifupa visingeweza kamwe kumwambia kile ambacho michoro ile ilimwambia, maana pale aliwaona watu wakiwinda, wakicheza ngoma, wakipiga ala za muziki na kuvaa nywele zao kwa mitindo yao.

Michoro ya zamani zaidi ni ya rangi nyekundu, ya jamii ya ngeu wanayoitumia mafundi. Humo utaona twiga, tembo, pofu, na watu wembamba warefu wenye vichwa vikubwa vya duara. Michoro myeupe, iliyo minene na mingi yake ikiwa imepakwa kwa vidole, ni ya baadaye, na huhusishwa na jamii za wakulima na wafugaji. Sehemu nyingine rangi moja imelala juu ya nyingine, na Mary alitumia mpandano huo kupanga mitindo ipi ilitangulia na ipi ilifuata. Hapo, Mwalimu, ndipo ninapoona anastahili kabisa jina la mwanahistoria wa sanaa.

Nina ombi moja tu. Unapomfundisha, usiseme kwamba aliigundua michoro ile. Wazee wa Kirangi waliijua, na Mungomi wa Kolo ni mahali ambapo matambiko ya mvua na uponyaji yanafanyika hadi leo. Wamisionari na maofisa wa serikali ya kikoloni nao waliandika habari zake kabla yake. Alichofanya yeye ni kuirekodi kwa kiwango ambacho hakuna aliyekifikia kabla, na hiyo ni sifa inayotosha.

Msomaji wa Chemba amejibu:

Nakubaliana na mengi, isipokuwa tusimfanye Mary kuwa neno la mwisho juu ya maana ya picha hizo. Kuna mchoro mmoja mashuhuri wa Kolo wenye watu watano, ambamo mtu wa katikati ameshikwa mikono kutoka pande zote mbili. Mary alipendekeza kwamba ni mwanamke anayetekwa na kwamba wenzake wanajaribu kumzuia asichukuliwe. Watafiti waliomfuata waliutazama kwa kuzingatia ngoma ya simbo ya Wasandawe, ambamo mchezaji hupandwa na nguvu hadi kupotewa na fahamu, wakaona huenda wale wa pembeni wanamtegemeza mwenzao. Tofauti hiyo si ndogo: tafsiri ya kwanza inauona ugomvi, ya pili inaiona ibada. Mimi naelemea tafsiri ya pili, kwa kuwa inaanza na watu ambao bado wanaishi katika nchi hii badala ya kuanza na kile kinachomjia mtazamaji mgeni. Wanafunzi wasome pia kazi ya Profesa Fidelis Masao, Mtanzania aliyechimba na kuandika juu ya michoro ya Tanzania ya kati katika miaka ya 1970.

Lakini nakiri kwa moyo mweupe kwamba mjadala huo usingewezekana bila nakala zake. Tafsiri yake unaweza kuikataa, na mstari alioufuata mwambani bado ukakufaa.

Mwalimu wa Historia (Dodoma mjini):

Asanteni sana. Nimeanza kuona kwamba hata nyayo za watangulizi wa binadamu zilizopatikana Laetoli, karibu na Olduvai, zenye umri wa miaka milioni 3.6, alizozichunguza mwaka 1978 na 1979 akiwa na umri wa zaidi ya miaka sitini, ni mwendelezo wa kazi ileile: kupima, kuchora na kunakili kitu kabla hakijaharibika. Ningependa kuwapeleka wanafunzi Kolo. Je, utaratibu ukoje?

Mrangi wa Kolo amejibu:

Mwalimu, njia kuu ya kwenda Babati inapita Kolo penyewe, mbele kidogo ya mji wa Kondoa. Mwanzie ofisi ya Mambo ya Kale iliyopo hapo Kolo, mpewe mwongozaji, msipande mlimani peke yenu. Njooni wakati wa kiangazi, maana mvua zikianza njia ya kuelekea mlimani huwa mbaya, na kupanda kwenyewe ni kukali, hivyo wavae viatu vya kufunga. Wakataze kugusa michoro na kuimwagia maji ili ing'ae kwa ajili ya picha za simu, kwa sababu tabia hiyo imeshaharibu picha nyingi. Karatasi angavu za kuweka juu ya mwamba pia hazifai siku hizi, hata kama yeye alizitumia. Wape penseli na daftari zisizo na mistari, wakae mbali kidogo, kila mmoja achague picha moja na aichore kwa saa nzima.