Mtoto wa miaka 5 anaimba ba be bi bo bu lakini hasomi, na kuhesabu ni hivyo hivyo. Nicheze nae michezo gani?

MamaGenge

Habari za jioni wapendwa, naombeni msaada hasa walimu wa awali na wazazi mlioshapita hapa. Binti yangu ametimiza miaka 5 mwezi wa tatu, anasoma nasari ya inglishi midiamu huku kwetu Mbagala. Ukimwambia asome ba be bi bo bu anatiririka mpaka za ze zi zo zu, majirani wanamsifu na mimi moyo unanijaa. Sasa juzi nikaifunika ile mistari kwa kiganja nikaacha "bu" peke yake, nikamuuliza mama hii nini? Akaniangalia weee, alafu nikaona midomo inacheza, kumbe anaanza kimyakimya ba be bi bo ndo afike bu. Nikamuonyesha "mu" akasema bu tena. Hapo nikajua mwanangu hasomi, anaimba.

Kuhesabu nako ndo hivyo hivyo. Kwa mdomo anafika 20 bila kukosea, ila nikamwekea vizibo 7 vya soda akapata 10 maana mdomo unakimbia kuliko kidole, kimoja anakigusa mara mbili kingine anakiruka. Na nikimuuliza kwa hiyo viko vingapi hajibu, anaanza upya moja mbili tatu.

Homuweki anayoletaga ni kuandika herufi moja ukurasa mzima, jana kaandika d mpaka machozi yakalowanisha daftari. Mimi nina genge, nafunga saa moja usiku, hela ya tyusheni sina. Nataka michezo ya kucheza nae wakati napika, nusu saa tu, kwa vitu vya humu humu ndani. Ila ana mdogo wake wa mwaka 1 anayeweka kila kitu mdomoni, mnisaidie na hilo.

Mzee_wa_Kilosa

Dada usimhurumie sana. Sisi tulikaririshwa hiyo hiyo ba be bi bo bu kwa kuimba, mwalimu anagonga ubaoni na fimbo, na mpaka leo tunasoma magazeti. Miaka 5 akae chini aandike, michezo atacheza mapumziko. Mkono usipozoea kalamu sasa hivi darasa la kwanza atateseka.

TichaAwali

Mzee wangu shikamoo, nakuheshimu ila hapo niruhusu nipingane na wewe. Ni kweli wapo tuliojua kusoma kwa kuimba, lakini kila mmoja hapa akikumbuka darasa lake vizuri atakumbuka na wale waliokaa nyuma mpaka la saba wanaunga unga maneno, hao hawapo humu kutusimulia. Mwaka 2015 serikali ilipopunguza masomo ya darasa la 1 na la 2 ikaweka KKK mbele, yaani kusoma kuandika na kuhesabu, ni kwa sababu watoto walikuwa wanapanda madarasa bila kujua kusoma. Mimi nafundisha awali mwaka wa 11 huu na kila Januari napokea watoto kama wa huyu dada, wimbo wanaujua wote, ukimtoa nje ya wimbo amepotea.

Sasa MamaGenge, wewe kama una genge una darasa zima hapo, wala usinunue kitu.

Kwanza usianze na herufi, anza na sikio. Ukiwa unakata mboga taja kitu alafu wewe na yeye mpige makofi pamoja, kila silabi kofi moja. Nya-nya mawili. Ki-tu-ngu-u manne. M-chi-cha matatu, na hapo angalia vizuri, watoto wengi wanapiga mawili tu kwa sababu ile m ya mwanzo hawaisikii kama ni silabi inayojitegemea, usimwambie umekosea, wewe ivute tu mmmm-chi-cha akuangalie mdomo wako ulivyofunga, atapiga la tatu mwenyewe. Siku mbili tatu mkishazoea geuza iwe kutafuta, mwambie niletee kitu kinachoanza na "nya", akileta nyanya mpigie vigelegele, akileta karoti mwambie ka-ka-ka-roti, hii imeanza na ka, hebu rudi. Mtoto anayesikia kwamba nyanya na nyama zinaanza sawa ana nusu ya kusoma tayari, maana Kiswahili chetu unavyosikia ndivyo kinavyoandikwa.

Baada ya wiki hivi kata boksi la sabuni vipande vikubwa kama kiganja, andika silabi tatu tu kwa maka peni: ma, ka, ta. Kila moja vipande viwili. Usimwekee ma me mi mo mu, ule mpangilio ndo unaomrudisha kwenye wimbo! Mwambie hii ma, hii ma tena, ukiziweka pamoja zinasema nini? Mama. Weka ka na ka, kaka. Alafu weka ka na ta, kata, mpe na kisu cha kuchezea akate hewani. Sasa zigeuze mbele yake, taka. Nakwambia hapo ndo utaona sura inabadilika, darasani kwangu kuna mtoto mmoja alivigeuza vile vipande huku na huku kata taka kata taka mpaka kengele ya uji ikalia akabaki peke yake mezani. Akizishika hizo ndo uongeze na, alafu ba, moja moja, irabu nyingine baadae.

Na hili la inglishi midiamu lazima niliseme. Shuleni a wanamwambia "ei", e wanamwambia "ii", i wanamwambia "ai". Akirudi nyumbani e ni e. Sasa anakutana na e kwenye karatasi hajui ni ii au ni e, na ile i ndo kabisa maana kwa Kiingereza "ii" ni jina la e. Sio mtoto mzito, amebebeshwa mizigo miwili kwa mara moja. Ushauri wangu nyumbani cheza kwa Kiswahili tu, irabu zetu 5 kila moja ina sauti moja haibadiliki popote. Akishajua kusoma kwa lugha anayoiongea Kiingereza atakihamia, hiyo nimeiona kwa watoto wengi.

Kuhesabu: tatizo lake ni mdomo na mkono haviendi pamoja. Usimwekee vitu vimelala anyooshe kidole. Mpe sufuria mbili, moja ina malimao moja tupu, ahamishe limao moja moja, na namba asitamke mpaka limao ligonge chini ya sufuria. Gonga, moja. Gonga, mbili. Mkono ukiwa na kazi ya kubeba mdomo unalazimika kusubiri. Yakiisha funika na mfuniko uulize humo ndani kuna mangapi? Hayaoni kwa hiyo hawezi kuanza upya, ataikumbuka ile namba ya mwisho, na hicho ndo unachokitafuta. Kisha funua kidogo, ongeza moja, funika, sasa mangapi?

Kwa ajili ya mdogo wake: vizibo, maharage, gololi, kokoto ndogo vyote weka mbali kabisa, vinamkaba mtoto. Malimao, viazi, vijiko, vinatosha. Anzia vitu vitano.

Na kuhusu mkono Mzee wangu uko sahihi kwamba unahitaji mazoezi, ila sio daftari. Akande unga wa chapati, amenye maganda ya kitunguu saumu, achore kwa kidole kwenye unga uliomwagika kwenye sinia. Vidole vikipata nguvu penseli itakuja.

BibiNgamiani

Wajukuu zangu, hayo anayosema mwalimu sisi Tanga tumeyacheza hatukujua kama ni masomo. Tulikuwa tunasema kinyume, unachukua silabi ya mwisho unaileta mbele ili wakubwa wasielewe. Samaki inakuwa kisama, nyumba inakuwa mbanyu. Mama yangu akituma mtu dukani sisi tunapeana habari kwa kinyume uwani. Mtoto wa miaka 5 maneno marefu hayawezi lakini ya silabi mbili anayaweza, mwambie nyumba, aseme mbanyu, anacheka mpaka anakaa chini. Mwanangu MamaGenge hebu jaribu, huwezi kusema kinyume kama hujui neno limekatikia wapi.

Kingine ni mdako. Tunachimba kishimo tunatia kokoto, unarusha jiwe moja juu, kabla halijashuka unakomba kokoto unatoa nje ulidake, ukirusha tena unarudisha zote unabakiza moja. Ukimaliza moja moja unakwenda mbili mbili. Ukibakiza tatu badala ya mbili umekufa, wenzio wote wanakuhesabia. Kwa huyo mtoto bado ni mapema kudaka, ila anaweza kukaa pembeni akawa ndiye mhesabuji, na kazi hiyo watoto wanaipenda.

Na kama kuna mtu ana bao la kete nyumbani, lina mashimo 32 na kete 64, mchezo wenyewe mgumu hata kwa watu wazima lakini mpe safu moja ya mashimo 8 asambaze kete moja kila shimo. Ila hilo mdogo mtu awe amelala.

Mama_Likoni

Hapa kwetu Mombasa wangu yuko PP2, yaani mwaka wa pili wa awali, na mwalimu wake alituambia jambo moja nikalishika, tusimkatize akicheza kalongolongo. Wanafungua duka la makopo hapo nje, mchanga ndio sukari, majani ndio pesa. Nilichoongeza mimi ni vibei tu, nikaandika 2, 5, 3 kwenye karatasi nikabandika kwa makopo. Siku hiyo hiyo alikuja kuniuliza hii inasomwaje maana mteja wake alikataa kulipa. Kwako wewe una genge la kweli, mwache apange nyanya mafungu ya nne nne, hakuna zoezi la hesabu linaloshinda hilo.

Dereva_Mwenge

Ludo. Mi na mwanangu tunacheza ludo kila Jumapili. Mwanzo alikuwa anahesabu vidoti vya dadu kimoja kimoja, siku hizi akiona tano anajua tano bila kuhesabu na anajua akiruka wapi atanila. Cha muhimu usimwachie ashinde kila siku, anajua.

MamaGenge

Narudi baada ya wiki tatu jamani, nimewasoma wote na Mungu awabariki. Mzee wa Kilosa na wewe asante, najua ulisema kwa nia njema.

Ya malimao ndo ilianza kukubali. Siku ya kwanza bado alitaka kukimbia, siku ya nne nikasikia mwenyewe anasubiri ligonge. Sasa nikifunika anasema sita! kabla sijauliza. Mafungu ya nyanya nimemwachia, anapanga nne nne, juzi mteja kachukua moja kwenye fungu akapiga kelele mama hili limebaki tatu.

Kata na taka tumefika, na akagundua mwenyewe kwamba akiweka ma katikati ya ka na ta inatoka kamata, hiyo hata mimi sikuipanga. Akaanza kumkamata mdogo wake. Juzi kwenye daladala kasoma "kaa" kwenye tangazo, anaisoma anairudia njia nzima mpaka konda akamuuliza mwanangu unataka ukae wapi, nilitoa machozi.

Homuweki nilienda kuongea na mwalimu wake, amekubali aandike mistari miwili.

Maswali mawili. Anachanganya sana sita na tisa, kwa wimbo hakosei ila akihesabu vitu taratibu akifika tisa anasema sita alafu kumi. Na la pili, bibi yake kamuonyesha neno ng'ombe likamshinda, anasoma ngombe kama ngoma.

TichaAwali

Kamata! Nimefurahi mno, hiyo kesho naipeleka darasani.

Sita na tisa wanachanganya karibu wote kwa sababu herufi ni zile zile nne, s na t zimebadilishana nafasi tu, sikio la mtoto linasikia kitu kimoja. Tumia vidole. Sita ni mkono mzima na kidole kimoja cha mkono wa pili. Tisa ni mikono yote miwili ila kidole kimoja kimelala, tunamwita mtoro. Mwambie mikono yote, mtoro mmoja kalala, wangapi wameamka? Tisa. Cheza kwa haraka, wewe taja yeye aonyeshe, alafu yeye aonyeshe wewe utaje, na mara nyingine kosea makusudi akukamate.

Kabla hujaenda juu ya kumi mfungie vijiti kumi vya ufagio kwa mpira uwe mzigo mmoja. Mzigo na kimoja pembeni, kumi na moja. Mzigo na viwili, kumi na mbili. Kiswahili kinamwambia wazi wazi namba imejengwaje, kwa Kiingereza "eleven" haimwambii chochote. Atakwama kwenye ishirini na thelathini maana hayo ni majina mapya ya kushika tu, hapo usishtuke.

Ng'ombe achana nayo kwa sasa, hata darasa la kwanza inawasumbua. Ila kama anaiuliza mwenyewe, mwekee kidole kwenye pua avute ng'ng'ng' kama anayelalamika mdomo wazi, pua inatetemeka na sauti inaweza kuendelea. Kwenye ngoma haivutiki mpaka mwisho, koo linagonga g. Leo aisikie tu, kuisoma tutarudi nayo akishakuwa na silabi za kawaida kama ishirini hivi mkononi.

Ongeza "na" sasa. Na ukishaiongeza mwekee ka-na-ta bila kusema kitu, umuache aipangue mwenyewe.