Tupeane uzoefu: kumuenzi bibi aliyependa bahari na wajukuu zake

Mwanzisha mada, Tanga
Shikamooni wakubwa, wengine salamu. Mada hii ni ya familia zilizoondokewa na bibi wa aina ile: alfajiri yuko majini, saa mbili keshawagawia wajukuu chai na mihogo, jioni anasuluhisha wanawe. Hitima na sadaka tunazijua. Tushauriane kuhusu siku ya ukoo kukutana pwani kwa kumbukumbu yake, na wajukuu kufundishwa kile alichokijua. Leteni vipimo na hatua, tusijisimulie sisi wenyewe.

Mvuvi, Unguja
Msipange Jumapili kwa sababu tu watu hawaendi kazini. Tazameni mwezi kwanza. Huku kwetu, mwezi ukiandama au ukipevuka, maji hujaa kwenye saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa kwenye saa nne asubuhi. Hilo ndilo bamvua: maji hupanda na kushuka kufikia karibu mita 4, na yakitoka hukimbia kwa nguvu kwenye milango ya miamba. Watoto mkiwapeleka saa nne asubuhi siku hiyo, mtakanyaga mawe na miiba tu.

Kila siku kujaa huchelewa kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo tarehe 8 au 9 ya mwezi wa Kiislamu, na tena 23 au 24, ni maji mafu: yanajaa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na mkondo ni mdogo. Ingieni saa moja kabla hayajajaa, tokeni yakianza kurudi. Hakikisheni kwa jedwali la maji la bandari, maana hesabu ya mwezi inaweza kupotoka kwa saa nzima.

Mwanzisha mada
Ahsante sana. Wengine wanataka Julai 25, Siku ya Kuzuia Kuzama Duniani iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2021. Unasemaje?

Mvuvi, Unguja
Sababu ni nzuri, lakini Julai ni kusi, upepo mkali wa kusini. Tafuteni ghuba iliyokingwa, upande usiopigwa na upepo. Mkiweza kusubiri, kaskazi, yaani upepo wa kaskazini, ikishatulia, Februari hivi, bahari ni nyepesi zaidi kwa mtoto.

Mwalimu wa kuogelea, Mombasa
Mtoto asianzishwe kwa kupiga mikono. Aanze kwa pumzi. Asimame maji yakiwa kifuani, avute pumzi kwa mdomo, ainamishe uso, atoe mapovu taratibu kwa pua na mdomo. Akiweza mara kumi mfululizo bila kujifuta macho, mlaze chali.

Weka kiganja kimoja chini ya kisogo na kingine chini ya kiuno. Masikio yazame, macho yatazame mbingu, kifua kijae hewa. Kosa kubwa ni mtoto kunyanyua kichwa atazame vidole vyake: kichwa kikipanda, makalio yanashuka, na mwili wote unafuata. Ondoa mkono wa kiuno kwanza, wa kisogo mwisho. Miguu ya mtoto mwembamba itazama kidogo, mwache, mradi mdomo uko nje.

Baada ya hapo ndipo afundishwe kuteleza kwa tumbo, miguu ikipigwa kutoka nyongani, kisha kujigeuza chali apumzike. Mtoto anayeweza kuanguka majini, kujigeuza na kuelea dakika moja ana kinga kubwa kuliko anayeogelea kasi mita 10 kisha akachoka. Asubuhi moja haitoshi kwa hayo yote. Siku ya kumbukumbu iwe mwanzo, halafu ukoo uchangie masomo ya wiki kadhaa.

Dumu tupu la lita 5 linafaa kuwa boya kwa mtoto mkubwa, kama wasichana walivyofundishwa kuogelea na Mradi wa Panje huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Kazeni mfuniko, ukilegea, dumu linajaa polepole bila mtu kujua. Kwa mdogo wa chini ya miaka mitano, dumu halitoshi: mtu mzima awe umbali wa mkono wake.

Fundi cherehani, Unguja
Nguo za stara ni za nailoni au poliesta yenye kunyumbuka. Pamba hufyonza maji na kuvuta chini, na kanga iliyofungwa kiunoni huzonga miguu. Mtandio ushonwe pamoja na blauzi, pasiwe na pini.

Muuguzi, Dar
Msiwasahau shoga zake bibi, watataka kuingia. Meno ya bandia na vifaa vya masikioni vibaki nje kwenye kopo lenye jina. Anayetumia dawa za presha asitoke majini kwa haraka: maji humkandamiza mwili, akisimama nje damu hushuka miguuni na kichwa kinazunguka. Akae kwanza kwenye maji ya magotini, ashikwe mkono. Mwenye magoti mabovu aepuke kuogelea kwa mtindo wa chura, kwa sababu teke lake hupinda goti kwa ndani. Teke la juu na chini ni salama zaidi kwake.

Teueni mlinzi asiyeshika simu wala sahani, abadilishwe kila dakika 15. Watu wazima wakiwa wengi, kila mmoja hudhani mwenzake anatazama. Aliyezama na hapumui: pumzi 5 kwanza, kisha bonyeza kifua mara 30 kwa pumzi 2, huku mwingine akiita msaada.

Mpiga picha, Bagamoyo
Picha zake za zamani zilizogandana na kioo cha fremu, msizibandue. Unyevu wa pwani umeshalainisha rangi, na mkivuta, uso wake unabaki kwenye kioo. Pigeni picha juu ya kioo hichohicho, karibu na dirisha, bila taa ya kamera, huku mtu akishika kitambaa cheusi nyuma ya mpigaji kuzuia mng'ao. Kisha wakae wazee wataje majina kutoka kushoto kwenda kulia, mkiwarekodi. Fanyeni hivyo kabla ya siku ya pwani, ili mchapishe mapema na kila mjukuu apewe nakala yake.