Tupeane uzoefu: mama amezeeka, na kaka mwenye ulemavu wa akili naye anazeeka

Binti Muheza: Jana mama, ambaye ana miaka 79, aliniuliza ni nani atakayemnyoa kaka ndevu siku mikono yake itakapoanza kutetemeka, nami nikakosa jibu. Kaka ana miaka 46, alizaliwa na hali ya Down, na siku hizi husahau hata njia ya kwenda dukani. Wenzangu mlijipangaje?

Kitinda Mimba: Swali hilo nami nimelikimbia miaka mingi.

Wa Kilimahewa: Sisi hatukujipanga. Mama alianguka bafuni usiku akavunjika nyonga, na mdogo wangu, ambaye hawezi kutumia simu na huogopa giza, akamfunika kanga zote alizozikuta sandukuni, kisha akaketi kando yake hadi muuza maziwa alipobisha hodi alfajiri. Hospitalini kila mmoja wetu aliulizwa ilikuwaje, isipokuwa yeye, aliyekuwepo. Hadi leo mtu akikawia bafuni, yeye huanza kukusanya kanga.

Shemeji Mkubwa: Poleni sana. Lakini ninyi wengine mlikuwa wapi hata bibi kizee akaachiwa mzigo huo?

Wa Kilimahewa: Ndugu yangu si mzigo, shemeji. Mimi nilikuwa kazini Mtwara na kila mwezi nilituma fedha.

Shemeji Mkubwa: Fedha haimwinui mtu sakafuni.

Muuguzi Mstaafu: Tumrudie Binti Muheza. Wenye hali ya Down wana nakala tatu badala ya mbili za kromosomu ya 21 (uzi wa urithi ndani ya seli), na humo ndimo ilimo jeni ya protini inayorundikana ubongoni katika ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofuta kumbukumbu polepole. Ndiyo maana kwao usahaulifu huweza kuanza mapema, hata kabla ya miaka 50. Hata hivyo, msikubali kuambiwa kuwa "ndivyo walivyo", kwa sababu tezi ya shingo iliyozembea, mtoto wa jicho au masikio yaliyoziba huweza kumfanya mtu aonekane amepotewa. Apimwe hayo kwanza.

Kitinda Mimba: Iteni kikao cha ukoo, mwandike nani atakaa naye.

Shemeji Mkubwa: Kikao kitakula pilau na kutawanyika. Mzoesheni mtu mmoja mapema, mama akiwa bado yupo. Au mwacheni afuge ndevu.

Binti Muheza: Leo nimeshika wembe mimi, mama ameketi pembeni akimshika mkono. Amekubali shavu moja tu.