Mrejesho: waifai iliyopotea baada ya kusasisha draiva

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kwa nini laptopu yangu haioni waifai yoyote tangu isasishwe, ilhali simu inapata intaneti kwenye ruta ileile. Chanzo ni draiva mpya kweli, yaani ile programu inayoiwezesha laptopu kutumia kadi yake ya waifai. Kitufe cha kurudisha toleo la awali kilikuwa kimefifia, hakibonyezeki, kwa sababu toleo hilo halikuwa limehifadhiwa. Nikapakua draiva ya zamani kwa simu kutoka tovuti ya mtengenezaji, nikaihamisha kwa kebo. Kabla ya kuisakinisha niliondoa ile mbovu pamoja na mafaili yake. Hapo wekeni tiki kwenye kisanduku cha kufuta mafaili ya draiva, mara ya kwanza sikuweka na ile mbovu ikajirudisha yenyewe nilipowasha upya. Leo siku ya nne, waifai haijakatika hata mara moja. Uliyenizuia kununua kadi mpya ya waifai, nakushukuru sana.