Tupeane uzoefu: gari la mkononi la kukaa nalo miaka na miaka

Mwanzisha uzi
Wakuu, habari zenu. Natafuta gari moja la kukaa nalo mpaka watoto walirithi. Jipya silitaki. Nataka lililokwishatembea, magonjwa yake yanajulikana, fundi akifungua boneti asianze kukuna kichwa. Habari za marehemu Irv Gordon wa Marekani, aliyenunua Volvo P1800 mwaka 1966 na kuifikisha maili milioni 3 mwaka 2013, tumeshazisikia. Leo nataka za kwenu. Ulichagua kwa kuangalia nini, na nini kinakusumbua? Ushabiki wa kampuni tuuweke pembeni.

Mzee wa Dizeli
Ushabiki siuweki pembeni, utanisamehe. Nina Mercedes-Benz 240D, ile W123 iliyoacha kutengenezwa mwaka 1986. Haina turbo, haina kompyuta, pampu ya dizeli ni ya mitambo tupu. Mlimani malori yananipigia honi. Lakini hedi, yaani kichwa cha injini, haijafunguliwa tangu niichukue: oili na filta kwa wakati, vali zinapimwa, basi. Kilichonitoa jasho ni kutu. Imekula pale jeki inapoingia, ikala chini ya tairi la akiba, na mchomeleaji sasa ananiita ndugu.

Ndiyo maana nawaambia vijana, nunueni bodi isiyo na kutu, injini inabadilishika. Yule dereva teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, alifikisha kilomita milioni 4.6 kwa 240D ya mwaka 1976, gari likaishia makumbusho ya Mercedes. Watu wanataja kilomita tu. Hawasemi kwamba injini zilikuwa zinashushwa na kupandishwa nyingine.

Bisibisi Mkononi
Shikamoo mzee, umemaliza. Mimi pikapu yangu niliipata baada ya kukataa nyingine iliyokuwa inang'aa kuliko hiyo. Ile ya kwanza chini ilikuwa imepakwa lami nyeusi mbichi kabisa. Gari la umri ule, rangi ya chini mpya ya nini? Nikalala chali, nikagonga chesisi, ile fremu ya chini, pale inapopinda juu ya ekseli ya nyuma. Sauti mbele ilikuwa kali, pale ikawa butu. Nikasukuma bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini. Muuzaji akaniambia "hiyo ni magamba tu". Nikamrudishia funguo.

Kingine: vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Gari lililozama mafurikoni litasafishwa viti na kapeti, ila huko mwisho wa mkanda mara nyingi mstari wa matope unabaki. Na inua kapeti, unuse.

Dada wa Corolla
Nyie wa chesisi na dizeli mnatutisha. Mimi nina Corolla ya miaka ya 1990, injini 4A-FE, na naenda nayo popote. Niliichagua kwa sababu moja: spea zake ziko kila mahali, na fundi wangu anaijua usiku gizani. Mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha mwendo wa vali na pistoni, ulishanikatikia barabarani. Gari likazima kimya, likavutwa, likafungwa mkanda mpya na pampu ya maji, likawaka. Kwenye injini ile mkanda ukikatika, vali hazigongani na pistoni. Zipo injini nyingi ambazo mkanda ukikatika vali zinapinda zote, na hapo unafumua hedi. Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza mambo mawili: ni mkanda au cheni? Na kama ni mkanda, ulibadilishwa lini? Wengi wanabadilisha kwenye kilomita 100,000 hivi. Muuzaji akisema hakumbuki, hesabu haujabadilishwa.

Gia Laini
Naongezea kwa kifupi. Otomatiki nyingi zinakufa kwa oili. Karakana moja ilinijazia oili ya otomatiki ya kawaida kwenye gia boksi ya CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua, na CVT ina ya kwake. Ikaanza kuteleza, mwisho nikatafuta gia boksi nyingine. Anayetaka miaka mingi achukue manyuo, ya kubadilisha gia kwa mkono, amalize ubishi.

Katikati
Mzee wa Dizeli, heshima yako, ila familia yangu siipandishi gari lisilo na ABS, zile breki zinazozuia tairi zisijifunge, wala eabegi. Mimi nilitafuta la mwishoni mwa miaka ya 1990 kuelekea 2000 na kitu. Breki na usalama vipo, skrini za kugusa hazipo. Marekani walishalazimisha soketi ya OBD-II kwa magari ya kuanzia 1996, kwa hiyo mengi ya kipindi kile unachomeka kifaa kidogo tu unasoma hitilafu. Kilichonisumbua ni vitu vya mpira na plastiki: paipu za maji, bushi, mdomo wa rejeta uliopasuka bila kuguswa. Hivyo huzeeka hata gari likiwa limepaki. Nikavibadilisha vyote mwanzoni, kabla havijaniangusha njiani.

Mwanzisha uzi
Asanteni sana. Nimebaki na mawili ya aina moja. Moja lina kilomita chache, limefunikwa turubai miaka mingi. Lingine limetembea haswa, mwenyewe ana faili zima la risiti. Roho inanivuta kwenye la turubai.

Bisibisi Mkononi
Mkuu, chukua la risiti. La turubai utakuta tanki lina kutu, breki zimeganda, sili zimekauka. Likianza kutembea ndipo oili inavuja. Na hizo kilomita chache umeziamini kwa kusoma dashibodi? Angalia mpira wa pedali ya breki na usukani, vikilika vinasema ukweli.

Siku ya kwenda waambie wasiliwashe kabla hujafika. Ukifika weka mkono kwenye boneti kwanza. Ikiwa ya moto, walishalipasha. Ikiwa ya baridi, mwambie mwenzio apige stata, wewe simama nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweupe usioisha injini ikishapata moto, shuku gasketi ya hedi. Pia fungua kifuniko cha oili: ukikuta utando wa rangi ya maziwa na maji ya rejeta nayo yanapungua, rudi nyumbani.

Dada wa Corolla
Na hayo maji ya rejeta acheki injini ikiwa ya baridi jamani, asije akajiunguza.